Doa kila milimita 188: kabla hujanunua dramu nne na belti

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la uchapaji Tanga. Nilinunua mashine ya kidijitali ya rangi, ya tona (wino wa unga), inayochukua karatasi ya SRA3. Ilitumika Ulaya, ikapitia Dubai. Tangu masika yaanze inanisumbua. Kuna mstari mwembamba mweusi unaoshuka karatasi nzima, hata sehemu nyeupe. Kuna doa la buluu linalojirudia mara mbili, wakati mwingine mara tatu, kwenye kila karatasi. Halafu rangi haikai: asubuhi kadi za harusi zinatoka vizuri, ikifika saa nane mchana zimekuwa nzito, wekundu umezidi, na kwenye kadi ya gramu 300 rangi inatoka mabakamabaka. Fundi anatoka Dar es Salaam, namlipia nauli na malazi. Safari iliyopita alisafisha, akafanya kalibresheni, akaondoka. Baada ya siku chache yote yakarudi. Sasa anasema nibadilishe dramu zote nne pamoja na belti. Kampuni nyingine inataka nisaini mkataba wa kulipia kwa nakala. Nifanye lipi? Nimekutumia picha za karatasi zenyewe, nimeweka rula pembeni.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa usinunue spea yoyote. Kwenye picha zako naona dramu moja ya kushukiwa, ile ya sayani, yaani silinda inayobeba picha ya rangi ya buluu kabla haijahamia kwenye belti. Dramu nyingine tatu na belti sijaona kinachozitia hatiani. Rangi kubadilika mchana kunatokana na hewa ya chumba chako na namna unavyozipanga kazi, na hata ukifunga dramu nne mpya tatizo hilo litakusubiri palepale. Simshuku fundi wako kwa ubaya. Mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 300, akiwa na siku moja ya kazi, huona kubadilisha kila kitu ndiyo njia fupi ya kumaliza kesi. Ila bili inabaki kwako, na kati ya vipuri hivyo vitano kibovu kinaweza kuwa kimoja tu, au kisiwemo kabisa.

Tuanze na doa, kwa sababu ndilo linalojieleza vizuri kuliko yote. Kitu chochote kinachozunguka ndani ya mashine, kikiwa na kasoro sehemu moja, kitaacha alama kila kinapomaliza mzunguko. Pima umbali kutoka doa moja hadi linalofuata, kwa kufuata upande ambao karatasi inatokea, na utakuwa umepata mzingo wa kitu hicho. Ugawanye kwa 3.14, unapata kipenyo chake. Kwenye picha yako rula inasoma karibu milimita 188. Gawanya, unapata 60. Ziko mashine kadhaa za uzalishaji ambazo dramu yake ina kipenyo cha milimita 60, na nyingine zina ya 30, 80 au 100. Kitabu cha huduma cha mashine yako kina jedwali linalotaja kila rola na umbali wake wa kujirudia. Mwombe fundi akupigie picha ukurasa huo, usiishie kuambiwa kwa mdomo. Dramu yako ikiwa ni ya 60, hesabu imefunga. Karatasi ya SRA3 ina urefu wa milimita 450, kwa hiyo doa la kila 188 litaonekana mara mbili, na likianza karibu na ukingo wa mbele litaonekana mara tatu. Ndivyo hasa ulivyoeleza.

Hapo hapo belti inaondoka kwenye orodha. Katika mashine za uzalishaji belti ya kuhamishia picha huwa ndefu kuliko karatasi, kwa hiyo kasoro ya sehemu moja ya belti ingeruka: ungeiona kwenye karatasi hii, ukaikosa kwenye ile inayofuata, na umbali wake ungekuwa mkubwa zaidi. Tena belti inapokea rangi zote nne. Mkwaruzo wa belti ungeonekana kwenye sayani, majenta (ile ya wekundu), njano na nyeusi pia. Doa lako ni la buluu peke yake. Nikisikia mtu anapendekeza belti kwa doa la rangi moja, namwomba kwanza anionyeshe rula.

Kabla hujamlipa mtu kwa dramu ya sayani, fanya jaribio moja zaidi, lisilo na gharama. Chapa ukurasa uliojaa sayani ya asilimia 50, halafu majenta ya asilimia 50, kisha njano, kisha nyeusi, kila rangi kwenye karatasi yake. Tumia kurasa za majaribio zilizomo ndani ya mashine yenyewe, usitume faili kutoka kwenye kompyuta. Hakikisha doa liko kwenye sayani tu. Baada ya hapo zima mashine, na kama muundo wake unaruhusu, badilishana dramu ya sayani na ya majenta. Katika mashine nyingi dramu za rangi ni aina moja. Katika nyingine zina chipu inayokataa kuhamishwa, kwa hiyo soma kwanza. Dramu haipendi mwanga wala kidole: ifunike kwa kitambaa cheusi mara tu inapotoka, ishike pembeni, na usiipitishie spiriti. Chapa tena. Doa likihamia kwenye majenta, mwenye kosa ni dramu ile, nunua moja. Doa likibaki kwenye sayani, dramu haina hatia, na mwenye kosa ni kitu kingine kinachozunguka kwenye kituo cha sayani.

Hesabu hii ina mtego mmoja. Rola ya developa, ile inayoipelekea dramu tona iliyochanganywa na unga wa sumaku, haizunguki kwa kasi sawa na dramu, huwa inaikimbia. Rola yenye kipenyo cha milimita 25 ina mzingo wa milimita 78 na ushee, lakini ikizunguka kwa kasi mara 1.8 ya dramu, alama yake kwenye karatasi itajirudia kila milimita 44 hivi. Ndiyo maana nasisitiza jedwali la mtengenezaji. Mtu akipima rola kwa mkono na kulinganisha na karatasi, anaweza kuiachilia iliyo mbovu.

Mstari mweusi una tabia yake. Mistari inayoshuka kwa kufuata mwendo wa karatasi kwa kawaida haitoki kwenye mzunguko. Inatoka kwenye kitu kilichosimama, ambacho karatasi, belti au dramu inapita mbele yake muda wote. Kwa kila rangi, vitu vilivyosimama ni vichache: waya wa chaji na wavu wake, kioo ambacho leza inapitia, bledi inayosafisha dramu, na bledi inayosawazisha unga wa developa. Kila kimoja kina mwandiko wake. Kioo cha leza kikiwa na vumbi, mwanga haufiki kwenye dramu, na penye kivuli tona haishiki: unapata mstari mweupe. Waya wa chaji ukichafuka, dramu haipati chaji ya kutosha eneo lile, na katika mashine zetu tona hukimbilia pasipo na chaji: unapata mstari wa rangi uliofifia kingo, kama umepakwa kwa brashi. Bledi ya dramu ikipasuka ncha, inapitisha tona iliyopaswa kukwanguliwa, na hapo mstari huwa mwembamba kama uzi na mweusi kweli. Uchafu ukikaa kwenye bledi ya developa, unga haupiti, na mstari unakuwa mweupe au hafifu.

Wako ni mweusi, mwembamba, na unaonekana hata mahali peupe. Mimi naanza na waya wa chaji wa kituo cheusi, kwa sababu kuusafisha hakugharimu chochote: mashine nyingi zina kijiti cha kuvuta na kusukuma mara chache, au amri ya kuusafisha kwenye skrini. Usipoondoka, mshukiwa wa pili ni bledi ya dramu nyeusi. Kujua bila kubahatisha, fanya jaribio la kusimamisha: anza kuchapa ukurasa wenye nyeusi hafifu, na mashine ikiwa katikati ya kazi, zima kwa utaratibu wa dharura uliomo kwenye kitabu chako, kisha fungua mlango. Tazama belti kabla karatasi haijaguswa. Mstari ukiwa tayari uko kwenye belti, kosa liko nyuma, kwenye dramu na majirani zake. Belti ikiwa safi na karatasi ina mstari, kosa liko mbele, kwenye uhamishaji au fyuza, sehemu inayoyeyusha tona ishike kwenye karatasi. Mstari wa fyuza una dalili nyingine: inamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha utaona umeng'aa au umekwaruza, wala hauna unga mpya. Jihadhari na fyuza, inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 150 hadi 200 hivi, na ndani kuna umeme mkubwa. Jaribio hili lifanye pamoja na fundi kwenye simu ya video kama hujawahi kufungua mashine.

Neno moja la usalama ambalo wengi hulipuuza. Tona iliyomwagika usiinyonye kwa kifyonza vumbi cha nyumbani. Chembe zake ni ndogo mno, maikroni 5 hadi 8 hivi, zinapita kwenye kichujio na kurudi hewani unakopumua, na unga mwembamba uliotapakaa ukikutana na cheche unaweza kuwaka. Kuna kifyonza maalumu cha tona. Kama huna, tumia kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye maji baridi. Maji ya moto yanaiyeyusha na kuigandisha.

Sasa rangi, ambayo nadhani ndiyo inayokupotezea wateja. Mwaka 1938, tarehe 22 Oktoba, Chester Carlson alipopata picha yake ya kwanza ya unga mkavu huko Astoria, New York, bamba lake alilichaji kwa kulisugua tu na kitambaa. Mashine yako ni ya kizazi cha mbali sana na bamba lile, lakini mpaka leo inafanya kazi kwa umeme tuli. Tona inapata chaji kwa kusuguana na chembe za sumaku ndani ya developa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chaji hiyo inashuka. Tona yenye chaji ndogo inatoka kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa: rangi inakuwa nzito, na vumbi hafifu la tona linaanza kuonekana mahali peupe. Rangi nne haziathiriki kwa kiwango kimoja. Kwako inaelekea majenta ndiyo inayozidi, ndiyo maana unaona wekundu.

Ila usikimbilie kulaumu hewa ya nje. Pwani unyevu huwa juu zaidi usiku na alfajiri kuliko saa nane mchana. Ingekuwa hewa peke yake, asubuhi ndiyo ingekuwa mbaya. Kwa hiyo najiuliza: kati ya asubuhi na saa nane kunatokea nini dukani kwako? Wateja wanaingia na kutoka, mlango uko wazi, kiyoyozi kinazidiwa. Ndani ya mashine joto limepanda baada ya saa kadhaa za kazi. Na jambo ambalo wachache hulifikiria: kadi za harusi zina rangi tele, labda nusu ya karatasi nzima imefunikwa. Kila karatasi inakula tona nyingi, mashine inajaza tona mpya kwa haraka, na tona hiyo inatumika kabla haijasuguana vya kutosha kupata chaji. Unyevu wa masika ukichangia, unapata kadi nzito na zenye vumbi kadiri kazi inavyorefuka. Anzia hapo. Gawa kazi kubwa zenye rangi nyingi katika mafungu, katikati pitisha kazi nyepesi, hata barua zenye nembo, ili developa ipumue. Kinyume chake pia kinaharibu: ukishinda mwezi mzima unachapa kurasa zenye rangi kidogo tu, tona ileile inakorogwa bila kutoka, inachakaa, na siku ukichapa picha rangi inatoka kavu na yenye chembechembe. Mashine nyingine hutoa tona chakavu zenyewe kila baada ya muda. Usiwe mwepesi wa kuzima kazi hiyo kwa kuona ni upotevu.

Nunua kipima unyevu, kile kidogo cha kuweka mezani. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko nauli ya fundi, na kwa maoni yangu kila duka la uchapaji la pwani linapaswa kuwa nacho kabla halijanunua chochote kingine. Kiweke karibu na mashine, mbali na upepo wa kiyoyozi. Lengo ni nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Kiyoyozi kikishindwa kuushusha unyevu chini ya 60 wakati wa masika, weka na mashine ya kukausha hewa. Usiku usiichomoe mashine ukutani: baadhi zina hita ndogo zinazokausha ndani wakati mashine imezimwa, na hita hizo zinahitaji umeme. Wengi huchomoa kwa hofu ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Hofu hiyo ni ya haki, na tiba yake ni stebilaiza nzuri yenye uwezo wa kubeba fyuza inapowaka, pamoja na waya wa ardhi uliopimwa kweli. Waya wa ardhi usiofanya kazi huleta karatasi kukwama na makosa ya ajabu ambayo hakuna dramu itakayoyaponya.

Kuhusu mabakamabaka ya gramu 300, angalia karatasi yenyewe. Karatasi iliyolowa unyevu inapitisha umeme ovyo, na tona inapohamishwa kutoka kwenye belti chaji inavuja pembeni badala ya kuivuta tona sawasawa. Kwenye fyuza unyevu huo unageuka mvuke, na karatasi ya art, ile iliyopakwa ngozi laini, inatoa malengelenge au inajikunja. Bandali zisikae sakafuni wala zisiegemee ukuta wa nje. Zilete kwenye chumba cha mashine zikiwa na kanga yake, zilale humo siku nzima ndipo uzifungue, na zinazobaki kwenye treya jioni zirudishe kwenye kanga. Halafu hakikisha treya imeambiwa ukweli: gramu 300, ya art. Nimeona maduka mengi ambayo treya imeandikwa karatasi ya kawaida ili mashine iende haraka. Mashine inapodanganywa uzito inatoa umeme wa kuhamisha usiotosha na joto lisilotosha, na tona inakwanguka kwa ukucha. Ukisharekebisha hayo na mabaka yakabaki kidogo, kwenye mipangilio ya karatasi kuna kiwango cha umeme wa uhamishaji wa pili, ule wa kutoka belti kwenda karatasi; panda hatua moja moja, chapa, linganisha, andika.

Kalibresheni aliyoifanya fundi ilikuwa sahihi kwa wakati usio sahihi. Kalibresheni huifundisha mashine kulipia upungufu ilio nao saa hiyo. Ukikalibreti mashine yenye waya mchafu, baridi ya asubuhi na karatasi yenye unyevu, umeiambia kwamba hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Hali ikibadilika, masahihisho yaleyale yanageuka kuwa kosa. Utaratibu ninaoufuata ni huu: ondoa kasoro kwanza, pasha mashine moto kwa karatasi kadhaa za kutupa, safisha kioo cha kihisi kinachosoma vipande vya majaribio kwenye belti, acha mashine ijisawazishe yenyewe, ndipo ukalibreti, na kazi ikiwa ndefu urudie mchana. Kihisi hicho ni kidogo na kinasahaulika sana. Kikifunikwa na vumbi la tona kinasoma uongo, na mashine inajisahihisha kuelekea upande mbaya kwa bidii zote. Profaili za rangi zinakuja mwisho kabisa, baada ya mashine kutulia.

Faili nazo zisikuchanganye. Ukurasa wa majaribio wa ndani ukitoka safi lakini kazi ya mteja ikatoka mbaya, kosa liko kwenye faili au kwenye kompyuta inayochakata faili, ile ambayo wengi tunaiita Fiery hata kama ni ya kampuni nyingine. Picha zilizopita WhatsApp na nembo za kijivu zilizotengenezwa kwa rangi nne ndizo zinazosumbua zaidi. Kijivu hicho kitayumba kwa mabadiliko madogo sana. Kibadilishe kiwe nyeusi peke yake, kitatulia.

Umbali wako na Dar es Salaam hauwezi kuufupisha, lakini unaweza kumfanya fundi afike akiwa na spea sahihi begani. Anza daftari leo. Kila asubuhi baada ya mashine kupata joto, chapa karatasi moja ileile yenye vipande vya rangi zote nne na kijivu, andika nyuma tarehe, saa, nyuzi, unyevu, kaunta, aina ya karatasi na treya, uihifadhi bila kuikunja. Tatizo likitokea, toa karatasi tatu mfululizo, weka mshale kuonyesha upande ulioingia kwanza, pima umbali, na utume pamoja na nambari ya mashine, toleo la programu yake, misimbo ya makosa, na ripoti ya kaunta ya kila kipuri. Picha zitume kama nyaraka ili zisibanwe. Usizisome kwa skana ya mashine hiyohiyo: kioo chake kikiwa na uchafu, kitaongeza mstari wake juu ya mstari unaoutafuta, na mtaishia kubishana juu ya mistari miwili.

Hiyo ripoti ya kaunta ichape leo, kwa faida yako. Mashine zilizotumika mara nyingi hurudishwa sifuri kaunta za dramu na fyuza bila kipuri kubadilishwa. Kaunta ya mashine nzima ikiwa kubwa na dramu zote nne zinaonyesha mwanzo uleule, muulize aliyekuuzia akupe uthibitisho wa vipuri alivyofunga.

Mkataba wa kulipia kwa nakala ni kitu kizuri, na kwa mtu aliye mbali na mafundi mimi naupendelea kuliko kulipa kila safari. Unamfanya mtoa huduma apate hasara mashine ikilala, kwa hiyo anakuwa na sababu ya kuitunza. Lakini soma hivi. SRA3 inahesabiwa nakala moja au mbili? Tona imo au haimo, na kama imo, kwa kiasi gani cha rangi kwenye karatasi? Wauzaji hupiga hesabu zao kwa asilimia 5 kwa kila rangi. Kadi na kalenda zako zinapita hapo mara nyingi, na mkataba unaweza kuwa na kifungu cha kukutoza ziada ambacho utakigundua Desemba, msimu wa kalenda. Dramu, belti, fyuza na bledi ziandikwe kwa majina. Kiwango cha chini cha nakala kwa mwezi kiwe kile unachofikia hata Februari kazi ikipungua.

Muda wa huduma ndio kifungu ninachogombana nacho zaidi. Kampuni hupenda kuandika watakujibu ndani ya saa fulani. Kujibu ni kupokea simu. Wewe unataka iandikwe fundi atafika Tanga ndani ya siku ngapi za kazi, na isipowezekana kumaliza siku hiyo, nakala ulizopoteza zinafidiwaje. Omba pia vipuri vikae kwako kwa mali yao: waya wa chaji, rola za kuvutia karatasi, chombo cha tona chakavu, na dramu moja nyeusi, kwa sababu hiyo ndiyo inayochakaa kwanza kwenye maduka mengi. Na omba opereta wako afundishwe kubadilisha vitu hivyo mwenyewe. Si ombi la ajabu. Ricoh, kwa mfano, wana mpango wa namna hiyo wanaouita TCRU, ambapo opereta aliyefunzwa anabadilisha vipuri ambavyo zamani vilimsubiri fundi. Opereta makini mwenye mafunzo hayo atakuokoa siku nyingi kuliko kifungu chochote cha mkataba.

Waulize pia, kwa kuwapa nambari ya mashine, kama spea za modeli hiyo bado zinatengenezwa, na kama chupa za tona zinazouzwa Tanzania zitakubaliwa na mashine iliyoanzia Ulaya. Baadhi ya mashine hukagua chipu ya eneo na kukataa. Jibu liwe kwa maandishi.

Usisaini mashine ikiwa hivi ilivyo. Kampuni yoyote makini itataka kuikagua kwanza, na kila kasoro itakayoikuta itakuwa juu yako kabla mkataba haujaanza. Wakija wakakuta doa umeshalipatia dramu yake, mstari umeshajulikana unaanzia wapi na daftari lina kumbukumbu za wiki kadhaa, orodha yao ya matengenezo ya kuanzia itakuwa fupi, na utakuwa na cha kujibu kwa kila kitu watakachoongeza. Nitumie karatasi nne za rangi moja moja na umbali baada ya kubadilishana dramu. Ukurasa wa jedwali ukiupata, nao uutume.